Tiketi ya paking Marekani: ulipe, upinge kwa maandishi, au uende ukasikilizwe mwenyewe?

Ukikuta karatasi imebanwa kwenye waipa una njia tatu za maana, na nne ukihesabu ile ya kuitupa kwenye droo na kusema ntaishughulikia wiki ijayo, ambayo ndio wengi wanaichagua na ndio mbaya kuliko zote. Naandika hii kwa ajili ya ndugu zetu wa huku Marekani, wanaoendesha Uber na Lyft, wanaopeleka vyakula, manesi wa zamu ya usiku wanaorudi saa moja asubuhi wanakuta gari limeshapigwa tiketi ya kufagia barabara, maana hawa ndio wanaopigwa kila mara na ndio wanaolipa bila kuuliza, kwa sababu wanaogopa neno mahakama au wanadhani ukibishana na jiji utajiharibia karatasi zako za kukaa nchini.

Nalinganisha njia za kupinga, alafu miji mitatu ambayo utaratibu wake haufanani: New York, Chicago na Los Angeles. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua natokea wapi. Kama utetezi wako uko kwenye karatasi na picha, pinga kwa maandishi. Kama utetezi wako ni maneno yako mwenyewe, yaani inabidi mtu akuamini wewe, nenda ukasikilizwe ana kwa ana, usiridhike na fomu. Na kama huna lolote kati ya hayo mawili lipa mapema uokoe pesa ya penati.

Una haki gani hasa

Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1868, yanasema jimbo haliwezi kumnyang'anya mtu yeyote uhai, uhuru au mali yake bila kufuata utaratibu wa haki wa sheria. Imeandikwa mtu yeyote, haijaandikwa raia. Kwahiyo uwe na green card, uwe na viza ya masomo, uwe kwenye foleni ya hifadhi, hata dola 65 ya tiketi ni mali yako na jiji haliwezi kuichukua hivi hivi. Na kwenye hii miji mitatu tiketi ya kawaida ya paking inashughulikiwa kama deni la madai, haihesabiwi kesi ya jinai. New York ilianzisha ofisi yake ya makosa ya paking mwaka 1970, Chicago ikazihamisha kesi hizi kutoka mahakama za kawaida kwenda kwa maofisa wa utawala mwaka 1990, California ikafuata miaka ya tisini.

Kwa vitendo haki hiyo inakupa mambo machache ila mazito. Kwanza taarifa, yaani jiji likueleze umeshitakiwa kwa nini, wapi, lini, na una muda gani wa kujibu. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema tangu mwaka 1950 kwenye kesi ya Mullane kwamba taarifa lazima itumwe kwa njia ambayo kweli inaweza kumfikia mhusika, sio kutimiza wajibu tu. Pili nafasi ya kusikilizwa. Tatu anayesikiliza asiwe na upande. Nne uamuzi wenyewe, na mahali pa kwenda kama hujaridhika.

Sasa usichokuwa nacho, na hapa watu wengi wanakwama kwa sababu wameangalia sinema za mahakamani. Huna wakili wa kulipiwa na serikali. Hakuna baraza la wazee wa mahakama. Jiji halihitaji kuthibitisha kosa mpaka shaka yote iishe kama kwenye jinai. Na askari au mkaguzi aliyekuandikia hatakiwi kuja kukaa mbele yako umuulize maswali. Hili la mwisho lilipigwa vita kweli kweli Chicago, kesi ikafika Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa 7, Van Harken dhidi ya jiji la Chicago, na mwaka 1997 jaji Richard Posner akaandika kwamba utaratibu ule unatosha kikatiba. Alichofanya ni kupima kwa kipimo cha kesi ya Mathews dhidi ya Eldridge ya mwaka 1976, ambacho kinaangalia mambo matatu: wewe unapoteza kiasi gani, uwezekano wa kukosea ni mkubwa kiasi gani na utaratibu wa ziada ungesaidia kiasi gani, na serikali ingeingia gharama gani. Faini ya juu wakati ule ilikuwa dola 100, kuwatoa askari kazini kuja kwenye kila shauri ni gharama kubwa, basi mizani ikaegemea upande wa jiji.

Mimi binafsi naona hesabu ile inamsahau mtu ambaye dola 100 ni hela ya chakula cha wiki nzima. Lakini ndio sheria ilivyo, na maana yake kwako ni hii: ile karatasi ya tiketi ikijazwa sawasawa inasimama yenyewe kama ushahidi, na kazi ya kuiangusha ni yako. Usiende pale ukisubiri askari asitokee ushinde. Hiyo inaweza kusaidia kwenye tiketi za mwendo kasi huko kwingine, huku kwenye paking haipo.

Kulipa au kupinga

Kulipa kuna faida moja, inaisha. Ila ukilipa umekubali kosa, na mlango wa kupinga unafungwa, kwahiyo usilipe kwa hasira alafu ukaanza kutafuta picha.

Kupinga, New York na Chicago, hakukugharimu kitu kwenye hatua ya kwanza, na Los Angeles nako mapitio ya kwanza ni bure. Ukipinga ndani ya muda penati inasimama wakati unasubiri. Kwahiyo hofu ya kwamba nikipinga nikashindwa watanizidishia faini haina msingi ilimradi umejibu kwa wakati na ukishindwa umelipa ndani ya muda waliokupa.

Kinachozidisha faini ni kukaa kimya. New York una siku 30. Zikipita wanaongeza dola 10, zikifika siku 60 wanaongeza 20 nyingine, zikifika 90 wanaongeza 30, jumla 60 juu ya faini yenyewe, na karibu na siku ya 100 inageuka kuwa hukumu na inaanza kula riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Ukiwa na madeni ya hukumu yanayozidi dola 350 gari lako linaweza kufungwa mnyororo au kuvutwa. Chicago kukaa kimya kunafanya faini iongezeke mara mbili mpaka ukomo wa dola 250, na ukiwa na tiketi tatu zilizofikia uamuzi wa mwisho hujalipa, au mbili zilizozidi mwaka, gari linaingia kwenye orodha ya kufungwa. Los Angeles tiketi ya mita, ile mashine ya kulipia paking, ni dola 63 na ukichelewa wanakubandika nyingine 63.

Hii ya Los Angeles ilifika mbali. Kwenye kesi ya Pimentel dhidi ya jiji la Los Angeles mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9 ilisema kile kifungu cha Katiba kinachokataza faini zilizopita kiasi kinahusu hata faini za paking za jiji. Dola 63 ya kwanza wakaona sio kubwa kupita kiasi, lakini ile 63 ya kuchelewa wakairudisha chini ichunguzwe, kwa sababu jiji halikuwa limeonyesha kwa nini penati ya kuchelewa iwe sawa na faini nzima. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba watu wa kawaida wenye tiketi za mita wamefika mpaka huko juu na wakasikilizwa.

Maandishi au ana kwa ana

Hapa ndio uchaguzi wenyewe ulipo na nitakaa hapa kidogo.

Kupinga kwa maandishi ni onlaini au kwa posta, New York kuna mpaka apu ya simu. Unaandika maelezo, unapandisha picha na risiti, unasubiri jibu. Hukosi kazi, hupandi treni kwenda mjini, na kwa mtu ambaye Kiingereza cha kuongea mbele ya ofisa kinamkimbia akipata presha, maandishi yanampa muda wa kupanga maneno na hata kumuonyesha jirani ayasome kwanza. Ubaya wake ni kwamba anayesoma hawezi kukuuliza swali. Ukiacha pengo, anaamua na pengo lako hilo hilo. Ukiandika "nilikuwa nimelipia" bila risiti, au "kibao kilikuwa hakionekani" na picha moja yenye giza, imeisha, hakuna mtu atakayekupigia simu kusema ndugu tuongezee picha.

Kwenda mwenyewe ni kinyume chake. Unakaa mbele ya hakimu wa utawala, New York hawa ni mawakili waliopewa kazi ya kusikiliza mashauri haya, anaangalia tiketi, anakuuliza, unajibu, na kawaida unaondoka ukijua umeshinda au umeshindwa. Akikuuliza swali ambalo hukulifikiria unaweza kumjibu pale pale na simu yako mkononi. Ubaya ni muda, nauli, na siku ya kazi. Kwa dereva wa Uber saa tatu za kusubiri ni pesa inayoweza kufika nusu ya faini. Siku hizi kuna sehemu wanasikiliza kwa simu au kwa video, na hiyo ni nzuri kwa sababu unapata nafasi ya kuulizwa na kujibu bila kutoka nyumbani, angalia kama mji wako unayo kabla hujachagua.

Twende na mifano halisi ya New York nionyeshe ninavyochagua.

Tiketi imeandikwa vibaya. Hii ni ya maandishi, usipoteze siku yako. Sheria ya jimbo la New York inadai tiketi iwe na vitambulisho vitano vya gari: namba ya pleti, aina ya pleti, tarehe ya kuisha usajili, kampuni au modeli ya gari, na aina ya bodi. Mwaka 1992 mahakama ya juu kabisa ya jimbo, kwenye kesi ya Wheels dhidi ya ofisi ya makosa ya paking, ikasema hata kimoja kikiandikwa kimakosa, kisipokuwepo au kisisomeke, tiketi inafutwa. Kwahiyo kabla hujafikiria utetezi wowote chukua kadi yako ya usajili, weka pembeni ya tiketi, linganisha herufi kwa herufi. Gari lako Toyota wameandika Honda? Bodi ni SUV wameandika sedani ya milango minne? Piga picha kadi ya usajili, piga picha tiketi, andika sentensi mbili, tuma. Hapa hakuna cha kumshawishi mtu, karatasi mbili zinapingana basi.

Ulilipia mita au apu. Maandishi pia. Skrinishoti yenye saa, namba ya eneo na namba ya gari. Hakikisha namba ya gari uliyoweka kwenye apu ni ile ile iliyo kwenye tiketi, maana wapo wanaoweka gari la zamani. New York kuna pia zile dakika 5 za huruma baada ya muda wa mita kuisha, na kwenye paking ya kubadilisha upande wa barabara, ile ya kuhamisha gari ili wafagie, kwahiyo angalia saa iliyoandikwa kwenye tiketi na saa iliyo kwenye risiti yako vizuri.

Kibao hakikuwepo. Hapa watu wanaanguka sana. Kanuni ya New York inasema kibao kimoja mahali popote kwenye bloku kinatosha kukupa taarifa ya bloku nzima. Kwahiyo picha ya gari lako na nguzo tupu mbele yake haithibitishi chochote. Inabidi upige bloku yote kutoka kona mpaka kona, pande zote zinazohusika, na picha zionyeshe jina la mtaa. Ukiwa nazo tuma kwa maandishi. Ukiwa nazo ila ni nyingi na zinahitaji maelezo, hii iko huku, hii inaangalia kule, mimi ningeenda mwenyewe, kwa sababu mtu anayesoma picha kumi na mbili zisizo na mpangilio anachoka.

Bomba la zimamoto. Faini dola 115, umbali unaotakiwa ni futi 15, kama mita nne na nusu hivi. Kama una picha yenye futi kamba imelazwa chini kutoka bomba mpaka bampa, maandishi. Kama huna, na unasema tu ilikuwa mbali, ukweli ni kwamba nafasi yako ni ndogo njia yoyote utakayochukua.

Kushusha abiria. Hii ndio ya kwenda mwenyewe, na ndio inayowahusu madereva wetu zaidi ya zote. Vibao vya New York vina ngazi tatu na wengi tunavisoma kama kitu kimoja. Penye kibao cha No Parking unaruhusiwa kusimama kupakia au kushusha abiria na mizigo. Penye No Standing unaruhusiwa abiria tu. Penye No Stopping huruhusiwi kitu chochote. Sasa mkaguzi anakuta gari limesimama kwenye No Parking, anaandika, anaondoka, haoni kwamba nyuma kuna bibi anatoa begi lake. Utetezi wako unategemea kitu ambacho hakipo kwenye picha yoyote, yaani ulikuwa unafanya nini dakika ile na ulisimama kwa muda gani. Unahitaji kuaminiwa. Nenda, chukua rekodi ya safari kutoka kwenye apu yako ya Uber ikionyesha safari iliisha saa ngapi na wapi, mpe hakimu, mueleze kwa utulivu, akuulize maswali. Kwa maandishi hiyo hiyo hadithi inasomeka kama kisingizio, mbele ya mtu mwenye masikio inasikika kama ilivyotokea.

Gari liliharibika, au ulikuwa unampeleka mgonjwa. Mchanganyiko. Risiti ya fundi au ya gari la kuvuta, karatasi ya hospitali yenye saa, zikiwepo maandishi yanatosha. Zisipokuwepo, nenda.

Lugha isikuamulie. Kama ungependa kwenda ila Kiingereza kinakutisha, omba mkalimani wakati unaomba kusikilizwa, usisubiri ufike. Majiji makubwa haya yana ukalimani wa simu bila malipo, na Kiswahili kinapatikana kwa wakalimani wa simu. Usimpeleke mtoto wako wa miaka kumi na nne akutafsirie mambo ya sheria, kwanza anaachwa nyuma shuleni, pili atapunguza maneno yako.

New York, Chicago, Los Angeles

New York ndio rahisi kuliko zote kwa mtu anayeanza, kwa sababu muda ni mrefu, siku 30, na unachagua mwenyewe onlaini, posta au ana kwa ana. Hata kama ulichelewa mpaka ikawa hukumu bila kusikilizwa, ndani ya mwaka mmoja tangu hukumu unaweza kuomba ifunguliwe ukieleza sababu. Hiyo ni haki ambayo watu hawaijui kabisa na wanalipa madeni ya tiketi ambazo hazikuwahi kuwafikia kwa sababu walihama nyumba.

Chicago muda ni mfupi, siku za kwanza za kujibu zinahesabika kwa vidole, kwahiyo soma tarehe kwenye tiketi siku ile ile uliyoipata na kwenye barua yoyote inayofuata. Unachagua kwa barua au kusikilizwa, ofisi kuu ya mashauri iko mtaa wa West Superior namba 400. Tofauti kubwa ni kwamba Chicago ina orodha maalum ya utetezi unaokubalika kisheria, na nje ya orodha hiyo maneno mengine hayasaidii. Baadhi yake: hukuwa mwenye gari siku ile, gari au pleti ziliibiwa, mita ilikuwa mbovu bila kosa lako, vibao havikuwepo au vilikuwa havionekani, au maelezo kwenye tiketi yenyewe hayaonyeshi kosa. Sikuwa na chenji, nilikuwa na haraka, mtoto alikuwa analia, hayo yote yanaweza kuwa kweli na bado ukashindwa. Kwahiyo Chicago chagua kwanza uko kwenye kipengele gani cha orodha, andika kipengele hicho juu kabisa ya barua, alafu ndio uweke ushahidi wake. Kwa mpangilio huo barua inafanya kazi vizuri sana, na mimi Chicago ningeegemea barua kwa mambo mengi isipokuwa yale ya kuaminiwa.

Los Angeles ni ngazi, huruki. Ya kwanza ni mapitio, unaomba ndani ya siku 21 tangu tiketi kuandikwa au siku 14 tangu barua ya kuchelewa kutumwa. Wengi wanakatishwa tamaa hapa kwa sababu jibu linakuja fupi, umekataliwa, kama vile hakuna aliyesoma. Hata hili lilishapelekwa mahakamani, kesi ya Weiss, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya California ikasema mapitio hayo ni kazi ya jiji lenyewe, haliwezi kuiachia kampuni iliyopewa tenda ya kuchakata tiketi. Usiishie hapo. Kukataliwa kwenye mapitio hakumaanishi umesikilizwa. Kusikilizwa kwenyewe ni ngazi ya pili, unaomba ndani ya siku 21 tangu majibu ya mapitio yatumwe, na sheria ya California inakupa wewe uchaguzi wa kufanya kwa barua au ana kwa ana.

Ila ngazi hiyo ya pili inataka uweke pesa ya faini kwanza. Kuna mtu alilipinga hilo, kesi ya Yagman dhidi ya Garcetti, na mwaka 2017 Mahakama ya Mzunguko wa 9 ikasema kudai pesa kwanza hakuvunji Katiba kwa sababu unarudishiwa ukishinda na kwa sababu kuna njia kwa wasio na uwezo. Shika hilo la mwisho. Ukithibitisha huna uwezo wa kuweka faini unasikilizwa bila kuiweka, na fomu yake wanayo ila hawatakusukumia mkononi, uliza. Ndugu zetu wanaacha haki yao ngazi ya pili kwa sababu ya dola 63 ambazo hawakutakiwa kuziweka.

Ukishindwa: uendelee au uachie?

Hapa ulinganisho unageuka kabisa, na Los Angeles ambayo ilikuwa ngumu mwanzo inakuwa bora mwishoni.

California ukishindwa kwenye kusikilizwa una siku 30 kwenda mahakama ya juu ya kaunti, ada dola 25, na shauri linasikilizwa upya toka mwanzo, sio kuangalia tu makosa ya yule wa kwanza. Ukishinda wanakurudishia na ada. Hiyo ni nafasi nzuri sana, na kama una ushahidi wa kweli mimi ningeenda bila kusita.

New York rufaa ya kwanza ni ndani ya ofisi ile ile, siku 30 tangu uamuzi, na bodi ya rufaa inaangalia kile tu ulichowasilisha mwanzo. Picha mpya hawazitaki. Ndio maana nasisitiza kwamba chochote ulichonacho kiweke siku ya kwanza, hata kama unaona kimoja kinatosha, maana hutapata nafasi ya pili ya kukiingiza. Baada ya hapo kuna kwenda mahakamani, kwa shauri wanaloliita Article 78, ndani ya miezi minne, lakini kufungua faili tu ni dola 210 na kumpangia jaji ni dola 95 nyingine, kwa ajili ya tiketi ya 65. Kwa tiketi moja achana nayo. Kwa mtu mwenye gari za biashara na tiketi nyingi zenye kosa moja linalojirudia, hapo unaweza kuzungumza na wakili.

Chicago unakwenda mahakama ya kaunti ya Cook ndani ya siku 35, na jaji anaangalia rekodi ya shauri lako la kwanza, kwahiyo kama ulituma barua ya mistari mitatu rekodi yako ni mistari mitatu.

Mawili ya mwisho ambayo hayaingii kwenye ulinganisho ila yanabadilisha kila kitu. Kama tiketi imetoka kwenye kampuni binafsi ya maegesho, sio jiji, Marekebisho ya 14 hayakusaidii, hayo yanaifunga serikali peke yake. Hapo ni mkataba kati yako na kampuni, na njia zote nilizoeleza hapo juu hazihusiki, kwahiyo angalia jina la aliyeandika juu ya karatasi kabla ya kitu kingine.

Na kama gari ni la kukodi, iwe kwa wiki kwa ajili ya Uber au kwa wikiendi, tiketi inakwenda kwa mwenye gari, na wenye gari wengi wanalipa haraka alafu wanakukata wewe pamoja na ada yao. Wakishalipa, kosa limeshakubaliwa na hakuna wa kukusikiliza. Siku ile ile ya tiketi waandikie imeili kwamba unaipinga wasilipe, waombe barua ya kukuruhusu kujibu kwa niaba yao, na nakala ya hiyo imeili iwe kitu cha kwanza unachopandisha kwenye faili lako la ushahidi.